Bampa ya Nyuma: Kipande Ambacho Mpaka Haukukigawa

Historia ya mji wa Gisenyi, kama tunavyoisoma darasani, huanza na Ziwa Kivu, halafu kituo cha Wajerumani, halafu mpaka. Ni historia ya kweli na sina ugomvi nayo, ila ina upungufu mmoja: haiingii gereji. Katika insha hii ninataka kuitazama historia hiyo kupitia bampa ya nyuma ya pikapu, yaani namna inavyochaguliwa na kufungwa hapa Rubavu pale ya zamani inapoharibika. Wapo watakaosema bampa si mada ya historia. Lakini wanahistoria wa Afrika Mashariki wamekwisha kuandika juu ya kanga, shanga na matatu, na hakuna aliyelalamika.

Hoja yangu ni hii. Katika gari zima, sehemu ya mbele ndiyo iliyogawanywa na ukoloni, na sehemu ya nyuma ndiyo iliyobaki ya watu wote. Anayetafuta bampa ya nyuma katika mji wa mpakani kama wetu anaweza kuipata kutoka kila upande wa dunia, na kwa sababu hiyo uchaguzi wake ni mgumu kuliko unavyodhaniwa.

Mfano wangu ni pikapu ya baba mdogo. Ni Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004, ile ambayo madereva huiita Vigo. Kazi yake ni kubeba viazi na karoti kutoka Busasamana na Bugeshi hadi sokoni karibu na mpaka mdogo, ule ambao kila mtu hapa anauita Petite Barrière. Siku moja dereva alikuwa akirudi nyuma ili apakue, akakutana na ukuta wa mawe ya lava. Mawe hayo tumepewa bure na Nyiragongo, volkano iliyolipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tena Mei 2021, na upande wa Goma ukuta wa mawe meusi ni kitu cha kawaida kama ua wa miti kwingineko. Ukuta haukupata hata mkwaruzo. Bampa ilikunjika katikati, kishikio cha kushoto kikapinda, na taa ndogo inayomulika namba ya gari ikavunjika.

Gereji tuliyoiendea iko Mbugangari. Kitu cha kwanza nilichokiona pale hakikuwa chuma bali maneno. Fundi mkuu, mtu mzima aliyejifunzia kazi Goma, aliitazama ile bampa akasema, “Hii pare-chocs imekufa.” Msaidizi wake, kijana ambaye wazazi wake walirudi Rwanda kutoka Uganda, akasema bampa. Baba mdogo, ambaye hapendi kubishana na mafundi, akasema tu “hiyo ya nyuma.” Wote watatu walikuwa wakizungumza Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Maneno hayo mawili yana mantiki tofauti. Kifaransa kinakiita kifaa hicho kizuia migongano, yaani kinakipa kazi ya ulinzi. Neno bampa limetokana na Kiingereza, na mzizi wake ni kugonga. Linataja tukio lenyewe bila kuahidi kinga yoyote. Nadhani Kiingereza kimekuwa mkweli zaidi katika jambo hili, na nitaeleza sababu baadaye.

Kwa nini Kiswahili kiwe lugha ya gereji katika nchi ambayo karibu kila mtu anazungumza Kinyarwanda? Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wao, na lugha hiyo ikaja na askari na wafanyabiashara. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 na baadaye kukabidhiwa nchi na Shirikisho la Mataifa, walikipa Kifaransa nafasi ya juu, na Kiswahili kikabaki kwenye mitaa ya mjini waliyokaa Waislamu na watu waliotoka nje, mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu hakuwa na njia nyepesi ya kuingia humo. Njia iliyobaki ilikuwa biashara na usafirishaji. Ndiyo maana wengi wao wakawa madereva na mafundi, na lugha yao ikaingia chini ya magari pamoja nao. Bunge lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, mafundi wa Mbugangari walikuwa wakikitumia kufungulia nati kwa vizazi kadhaa. Kozi yetu ya Kiswahili chuoni ni changa mbele yao.

Sasa nirudi kwenye usukani, kwa sababu hapo ndipo bampa inapopata maana yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Vita vilipokwisha koloni likagawanywa. Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, ambao walikwishakuwa Kenya na Uganda, na ikafuata desturi yao ya kuendesha upande wa kushoto wa barabara. Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji na ikafuata upande wa kulia, sawa na Kongo. Mpaka huo wa barabara upo hadi leo. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kupitia Kampala akifika Gatuna anabadilisha upande, na anayetoka Dar es Salaam anafanya hivyo Rusumo.

Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikawa nchi inayoendesha kulia ndani ya soko ambalo wanachama wake watatu wa kwanza wanaendesha kushoto. Kabla ya hapo, mwaka 2005, serikali ilikuwa imekataza kuingiza magari yenye usukani wa kulia kwa sababu za usalama. Hoja ya usalama inaeleweka. Dereva aliyekaa kulia katika nchi inayoendesha kulia haoni vizuri gari linalomjia anapotaka kulipita lori, na barabara ya Kigali hadi Gisenyi, kilomita zipatazo 160 za milima na kona, si mahali pa kubahatisha. Lakini uamuzi huo ulikuwa na matokeo katika maduka ya spea. Magari mengi yaliyotumika ya bei nafuu yanatoka Japani, ambako usukani uko kulia. Yanaingia Mombasa na Dar es Salaam, na spea zake ndizo zinazojaa Kariakoo, Kisekka kule Kampala na Kirinyaga Road kule Nairobi. Goma na Bukavu nako kuna magari mengi ya usukani wa kulia, ingawa barabara zao ni za kuendesha kulia kama zetu.

Mwenye gari la Rwanda akitafuta dashibodi, mashine ya usukani au mikono ya waipa katika masoko hayo, mara nyingi anarudi mikono mitupu. Hata taa za mbele ni tatizo, kwa sababu zimetengenezwa kuinamisha mwanga upande wa ukingo wa barabara. Taa ya gari la kuendesha kushoto humulika macho ya anayekuja ikifungwa hapa. Vitu hivi vyote viko mbele. Ukivuka kiti cha dereva kwenda nyuma, mgawanyiko unakwisha. Springi za nyuma, mlango wa nyuma wa bodi na bampa ya nyuma havijali dereva amekaa wapi. Bampa iliyofunguliwa kwenye Hilux ya Kampala inaingia kwenye Hilux ya Rubavu, na matundu yanakutana. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910, uliochora mpaka unaopita kati yetu na Goma, haukulijua hilo.

Kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kuchagua, na tuliangalia bampa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya kuchomelewa. Mchomeleaji wa jirani alichukua bomba nene la chuma, akalikunja ncha na kulifungia vishikio vya bati zito. Kazi hii ni ndugu wa ile ambayo Wakenya huiita jua kali: ufundi wa kutengeneza upya kile ambacho kiwanda kingetuuzia kwa bei kubwa. Naiheshimu sana. Wale wanaotembelea Goma kupiga picha za chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wangepata mengi zaidi ya kupiga picha kama wangeingia kwa wachomeleaji. Baba mdogo aliipenda bampa ile pale pale.

“Hii,” alisema, “ukuta ukiigonga, ukuta ndio utaomba radhi.”

Fundi akajibu kwa upole, “Muzee, ukuta uko pale pale, hautakufuata. Atakayekufuata ni mtu wa pikipiki.”

Nilitegemea fundi atetee chuma kigumu, maana mtaani tumezoea kupima ubora kwa uzito. Alichokieleza ni hiki. Bampa ya kiwandani ni bati lililokunjwa, na kazi yake ni kupinda. Inapopinda inakula sehemu ya nguvu ya mgongano. Bomba nene halipindi; linaipeleka nguvu yote kwenye ncha za chesisi, na chesisi ikishapinda gari halitembei tena sawa. Upande wa pili wa bomba yuko yule aliyegonga. Katika mteremko wa kuingia mjini, nyuma ya pikapu iliyojaa viazi kuna pikipiki na baiskeli, na ncha ya bomba lile ilikuwa usawa wa goti na paja la mpanda pikipiki. Ncha zenyewe zilikuwa zimekatwa kwa grenda na kuachwa wazi.

Hapa dunia ina somo lake. Mwaka 1967 mwigizaji Jayne Mansfield alifariki katika jimbo la Louisiana, Marekani, gari alilopanda lilipoingia chini ya trela la lori. Baada ya ajali hiyo, chuma kinachoning’inizwa nyuma ya matrela ili gari dogo lisiingie chini kikaanza kuitwa kwa jina lake. Miaka michache baadaye Marekani ikatunga kanuni ya bampa kwa magari madogo ya abiria kuanzia magari ya mwaka 1973, ikitaka yastahimili mgongano wa mwendo mdogo, lakini pikapu zikaachwa nje ya kanuni hiyo. Pikapu ilihesabiwa chombo cha kazi, na kwa miaka mingi pikapu nyingi ziliuzwa bila bampa ya nyuma kabisa. Mnunuzi alijinunulia mwenyewe aitakayo. Uhuru huo wa mnunuzi ndio uliozaa biashara kubwa ya bampa za kubadilisha, na ndio uliomfanya baba mdogo asimame Mbugangari akilishika bomba kama mtu anayechagua ng’ombe.

Bampa ya pili ilikuwa mpya, inang’aa, bado imefungwa karatasi. Sitaiandikia mengi. Bati lake lilikuwa jepesi mno, haikuwa na sehemu ya kukanyagia, na ilipowekwa karibu na vishikio matundu yalipishana karibu upana wa kidole.

Ya tatu ilikuwa imetumika, imetoka Kampala. Muuzaji aliitoa huku akijitetea kabla hajaulizwa kwamba ilifunguliwa kwenye gari la usukani wa kulia. Fundi alicheka. “Na hii nayo ina usukani?” Ilikuwa bampa ya kiwandani yenye ngazi, yaani katikati imeshushwa na kuwekewa mpira wenye miiba ili mguu usiteleze.

Ngazi hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo historia ya pikapu katika Afrika Mashariki. Watu wetu hawakuifahamu pikapu kwanza kama gari la mizigo la mtu mmoja. Waliifahamu kama basi. Kenya ilikuwa na matatu za pikapu zilizofunikwa nyuma, hata kabla Rais Kenyatta hajaziruhusu rasmi mwaka 1973. Dar es Salaam ilikuwa na chai maharage, gari ambalo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama wako mezani kwa mama ntilie. Hapa Rwanda wazee bado hutumia neno camionnette, na wanakumbuka kupanda kwa nyuma wakiwa na kuku na magunia. Katika magari yote hayo mlango ulikuwa nyuma, na bampa ndiyo iliyokuwa kizingiti. Mama mjamzito alikanyaga pale. Kondakta alisimama pale gari likitembea. Ndiyo maana nimesema neno la Kifaransa linaahidi kisichokuwapo: kwetu kifaa hiki kilikuwa ngazi muda mrefu kabla ya kuwa kinga.

Baada ya mwaka 1994 magari ya hapa yalibadilika sana. Waliotekeleza Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi walipokimbia mwezi Julai, walivuka kwenda Zaire kupitia mji huu wakiwa na magari mengi ya serikali, yakiwamo mabasi ya umma. Muda si mrefu Goma na Gisenyi zikajaa pikapu nyeupe za mashirika ya misaada. Wakati huohuo Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni walirudi kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Zaire, na waliotoka Uganda na Tanzania walikuja na mazoea ya usukani wa kulia na msamiati wa gereji wa huko. Neno bampa la msaidizi wa fundi lilikuja kwa njia hiyo. Nilipomuuliza kama aliwahi kusema pare-chocs, alijibu kwamba hulitumia kwa wateja wenye mvi.

Kabla ya kuamua, fundi alifanya jambo ambalo baba mdogo hakulifikiria. Alimwita taniboi wetu, kijana anayepakia na kupakua.

“Wewe ndiye unayepanda kila siku. Unasemaje?”

Kijana hakutazama chuma. Alipanda juu ya kila bampa ilipokuwa imelazwa chini, akiwa na mabuti yake ya mpira, akajifanya amebeba gunia begani. Bomba lilikuwa la mviringo na mguu ulizunguka. Ile mpya ilibonyea. Ile ya Kampala ilimpokea mguu mzima. “Hii,” alisema, akashuka. Mtu huyu hupanda na kushuka makumi ya mara kwa siku akiwa na uzito mabegani, na katika majadiliano yote ya bei na ugumu hakuna aliyemhesabu kuwa mwenye hisa. Baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kupatana bei na muuzaji wa Kampala. Aliongeza sharti moja kwa kijana: hapandi juu ya bampa gari likiwa linatembea, hata kama ni kutoka mpakani hadi kona ya kwanza.

Kununua kitu kilichotumika kuna mitihani yake. Fundi alivuta uzi kutoka ncha hadi ncha kuona kama bampa imenyooka. Alipitisha sumaku juu ya rangi. Pale inapokataa kushika, chini yake si chuma bali pati ya kuzibia tundu. Aliigeuza akakwaruza kutu kwa bisibisi ili ajue kama ni ya juu juu au imekula bati. Mwisho aliangalia matundu ya bolti. Tundu lililotanuka kuwa refu ni ushahidi kwamba bampa hiyo iliwahi kuvutwa, na kwamba muuzaji hajasema yote. Ya kwetu ilifaulu, isipokuwa kutu kidogo upande wa kulia.

Kufunga kulichukua nusu siku, na sehemu kubwa ilikuwa kufungua ya zamani. Bolti za nyuma hupigwa na matope na maji miaka yote, zikashikana na nati zake. Msaidizi alizimwagia dizeli na kuziacha zinywe tulipokuwa tukinywa chai. Mbili zilikubali spana. Moja ilikatika. Ya nne ilikatwa kwa grenda, baada ya waya wa taa ya namba kufunguliwa na kusogezwa mbali na cheche. Vishikio vilivyopinda havikunyooshwa. Vilitupwa, kwa kuwa bampa ya Kampala ilikuja na vyake. Ncha za chesisi zilisuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, zikapakwa rangi ya kuzuia kutu, zikaachwa zikauke.

Mchomeleaji wa jirani alikuja kutazama, akashauri vishikio vichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi ili visilegee kamwe. Fundi alikataa. Joto la kuchomelea hudhoofisha chesisi pale pale inapobeba mzigo, na bampa iliyochomelewa haiwezi kubadilishwa bila kukata gari lenyewe. “Bolti ni ahadi inayoweza kuvunjwa kwa heshima,” alisema, na mchomeleaji akacheka, akarudi kwake bila kununa.

Bampa iliinuliwa na watu wawili, mmoja kila ncha, na jeki ikawekwa katikati juu ya kipande cha ubao. Bolti zote ziliingizwa kwa mkono kwanza, bila kukazwa. Hii ndiyo hatua ambayo wenye haraka huiruka: wakikaza upande mmoja kabla ya mwingine, bampa hukaa imeinama na matundu ya upande wa pili hayafikiki. Msaidizi alipima nafasi kati ya bampa na bodi kushoto na kulia, kisha akafungua mlango wa nyuma hadi chini. Uligusa ukingo wa bampa. Wakaishusha kidogo ndani ya nafasi ya matundu, wakajaribu tena, ukapita. Ndipo bolti zikakazwa kwa zamu, kushoto na kulia, kila moja na washa yake. Taa ya namba iliunganishwa mwisho, kwa sababu ukaguzi wa polisi hauangalii uzuri wa chuma. Unaangalia kama namba inasomeka usiku.

Bampa ya zamani ilibaki gerejini. Siku mbili baadaye nilimwona yule mchomeleaji akiikata vipande virefu. Kimoja alikuwa amekwisha kukifunga chini ya kitoroli cha miguu mitatu, vile vinavyosukumwa na watu wenye ulemavu kuvusha mizigo mpakani, kiwe mahali pa msaidizi kusimama wakati wa mteremko.